Golikipa Aliyeachwa Kwenye Gemu ya Zamani

Kabla sijaanza, shika neno hili: kitu hiki kilitokea. Hakikutokea kwa binamu ya jirani, wala ng'ambo ya ziwa ambako hakuna wa kuuliza. Kilitokea Kondele, ndani ya duka langu la kunyolea, mchana, mimi nimesimama na makasi mkononi na ugali tumboni. Sikuwa nimelewa. Sikuwa na malaria. Hao wanaosema wafu hutembea usiku peke yake hawajui lolote. Huyu wangu alikuja saa ambayo watu wanakula. Na kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu mimi jambo hili halinichekeshi. Linanikasirisha. Nimezeeka nalo na bado linanikasirisha.

Shule mimi niliachia darasa la tatu. Si kwamba nilikuwa mjinga. Mwalimu wetu alikuwa anatutuma kumchotea maji mpaka kengele ya kwenda nyumbani inalia, sasa utasoma saa ngapi? Lakini jina naweza kusoma. Majina nasoma vizuri sana, na utaona ni kwa nini nasema hivyo.

Duka langu lilikuwa pale Kondele, njia ya kuelekea Manyatta, miaka ile ya tisini. Kiti kimoja, kioo kimoja, na benchi moja ndefu ya wanaongoja. Hiyo benchi ikumbuke. Nilinyoa watu wa kila aina, na wakati wa msiba nilikuwa naitwa nyumbani kwa watu kunyoa waliofiwa. Kinyozi, ndugu yangu, hawajui watu kwa sura. Anawajua kwa kisogo. Ukinionyesha sura yako leo nitasahau kesho, lakini kisogo nilichonyoa mara mbili sikisahau mpaka naingia kaburini.

Kwenye kona ya duka nilikuwa nimempa nafasi kijana mmoja anaitwa Ouma. Fundi wa redio, mwembamba, mdomo mwingi. Ouma alikuwa amepata kompyuta kuukuu kutoka kwa ofisi fulani iliyokuwa inatupa vitu, akaifufua. Siku zile kompyuta Kondele ilikuwa kitu cha watu kusimama mlangoni na kutazama. Na ndani yake aliweka gemu ya mpira.

Sasa gemu yenyewe ilikuja na timu za wazungu. Vijana walicheza kidogo wakachoka, maana utamshangilia vipi mtu ambaye hata jina lake linakuuma ulimi? Basi Ouma akaingia ndani ya gemu. Usiniulize aliingia vipi. Alikuwa anafungua kitu kimejaa namba na herufi zimechanganyika kama dagaa kwenye karai, anatafuta palipo na jina la mzungu, analifuta, anaandika la mtu wetu. Alikesha kwenye hiyo kazi. Alipomaliza, timu zilikuwa ni Kondele, Manyatta, Nyalenda, Awasi, na wachezaji ni watoto wa kweli wa huku, wale wale waliokuwa wanakuja kunyolewa kwangu. Jameni, duka lilijaa! Mtu ananyolewa upande mmoja, anaruka kwenye kiti kwenda kuona jina lake limefunga goli.

Na golikipa wa Manyatta ndani ya ile gemu alikuwa Okelo.

Okelo alikuwa kijana mrefu, mikono kama makasia. Alikuwa na kovu kisogoni, limejikunja kama kwato ya mbuzi. Siku moja aliruka akiudaka mpira, akaangukia mlingoti wa goli. Akaudaka, lakini kichwa kikapasuka. Hilo kovu nilikuwa nalizunguka kwa makasi kila mwisho wa mwezi, na kila mara ananiambia, "Baba Achieng', pole pole hapo, hapo ndipo nilipoandikwa." Baba Achieng' ndiye mimi, kwa binti yangu wa kwanza.

Wakati gemu ilipokuwa imepamba moto, Okelo akafa. Timu ilikuwa imeenda kucheza Awasi, na wakirudi gari lao likaanguka. Wengine walichubuka tu. Yeye peke yake ndiye hakuamka. Mimi ndiye niliyewanyoa ndugu zake. Na nikuambie kitu: kwenye ile kompyuta, Okelo aliendelea kudaka. Mamake alikuja siku moja, akasimama nyuma ya vijana, akaangalia yule mtu mdogo kwenye kioo cha kompyuta akiruka. Nikamsomea jina lililoandikwa. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe ana mahali." Akaenda zake.

Kumbe ana mahali. Hayo maneno pia yakumbuke.

Baadaye ikaja gemu ya pili. Ndugu ya ile ya kwanza, lakini kubwa zaidi, nyasi zinaonekana kama nyasi, watu wanapiga kelele jukwaani. Ilikuja kwa disketi nyingi kutoka Nairobi. Ouma aliifungua kwa mbwembwe, na ndani yake, wazungu tena! Vijana wakasusa. "Hatuchezi na wageni," wakamwambia. "Tuletee watu wetu."

Kwa hivyo Ouma ikabidi ahamishe timu zetu kutoka gemu ya zamani mpaka mpya. Na haikuwa rahisi, hiyo namtetea. Gemu mpya haikupenda mpangilio wa ile ya kwanza. Kule kwa zamani, washambuliaji waliandikwa mwanzo na golikipa mwisho kabisa. Kwa mpya, golikipa ndiye wa kwanza. Ukimwaga majina yalivyo, mshambuliaji anajikuta golini, golikipa anajikuta mbele. Ouma alihangaika, anasonya, anaanza upya. Siku ile alipofaulu aliniita.

"Mzee, njoo uone. Manyatta imehama!"

Nikaenda nikasoma. Nafasi ya kwanza, golini, imeandikwa OUMA.

"Ouma nani huyu?" nikamuuliza.

"Si mimi? Nimefanya kazi yote hii, mzee, hata goli nisipate?"

"Na Okelo?"

Akacheka. Akaniambia kwa lugha ya duka langu ili nielewe: "Ni kama benchi yako hiyo. Nimekaa mwanzo, wengine wakasogea mmoja mmoja. Sasa benchi ikijaa, wa mwisho anafanya nini?"

"Anaanguka nje."

"Basi. Ameanguka. Lakini mzee, huyo ni marehemu. Maiti hadaki mpira."

Nilimwambia pale pale, na watu walisikia: Ouma, mtu akihamisha dala, boma lake, haondoki kama mwizi wa kuku. Dala ya zamani ina makaburi. Unaaga. Unahama na fimbo na moto na jogoo, na waliolala kule wanajua umeenda wapi. Huhami na walio hai peke yao. Unajua alinijibu nini? "Hii ni gemu, mzee. Rudi kwa vichwa vyako." Mbele ya wateja! Kijana ambaye nilimpa kona bure, na stima anavuta kwangu!

Nikarudi kwa vichwa vyangu.

Sasa sikia. Haukupita muda, siku moja mchana mvua ikashuka kutoka upande wa ziwa, ile mvua ya Kisumu inayokuja kama imetumwa. Stima ikapotea. Vijana wakatawanyika, Ouma akaenda kula. Nikabaki peke yangu dukani, giza la mawingu limeingia mpaka kwenye kioo. Kompyuta imezimika, kila kitu kimezimika.

Akaingia kijana na kofia ya sufu imefunika mpaka masikioni. Hakusema hodi. Alipita kwenye benchi, akaitazama kwanza, ndipo akaketi kwenye kiti.

"Stima hakuna," nikamwambia. "Ni makasi."

"Makasi ni sawa."

Nikamfunga shuka shingoni. Kofia akaitoa mwenyewe. Nywele zilikuwa nyingi, zimeshikana, kama za mtu aliyekaa mahali pasipo na kinyozi. Nikaanza upande wa kulia. Mimi nikinyoa naongea, ndiyo kazi ilivyo.

"Omera, ndugu yangu, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Hapa wapi? Mbona sikujui?"

"Nilikuwa kwenye benchi, Baba Achieng'. Mwisho. Mlisogea nikaanguka nje."

Nikadhani ni utani. "Benchi ni tupu leo, omera. Ungejinyoosha ulale."

"Si hiyo."

Na hapo, niamini usiniamini, ile kompyuta ikawaka. Stima hakuna Kondele nzima, nakuambia! Mwanga wa kijani ukajaa kwenye kona. Uwanja. Watu wa jukwaani wakaanza kelele, lakini kelele ya chini chini kama ya msiba unaosikika kutoka mbali. Na kwenye goli la Manyatta amesimama mtu mdogo, juu yake limeandikwa OUMA, hasogezi hata mguu. Mpira unaingia. Unaingia. Unaingia tena.

"Unaona vile hawezi?" kijana akasema. Sauti yake ilikuwa ya kusikitika, si ya kutisha. Kama mtu anayetazama shamba lake likilimwa vibaya.

Mkono wangu ulikuwa umeendelea wenyewe na makasi, umefika kisogoni. Nikazitenganisha nywele. Kovu. Kwato ya mbuzi.

Akasema, "Pole pole hapo. Hapo ndipo nilipoandikwa."

Wewe ungefanya nini? Najua. Ungekimbia. Kila mtu ninayemsimulia husema angekimbia. Nami nilihisi baridi miguuni, sikatai. Lakini iliponifika kifuani haikuwa hofu tena, ilikuwa hasira. Kwa nini kwangu? Mimi ndiye niliyemtoa? Mimi ambaye nilimtetea?

"Okelo," nikamwambia, "aliyekutoa ni Ouma. Anakula pale kwa mama wa samaki. Mfuate huko!"

"Ouma hana nyumba, hana mke. Nitaingia wapi?"

"Basi nenda kwenu! Ndugu zako wanazaa kila mwaka, watampa mtoto jina lako!"

"Wameliogopa. Wanasema aliyefia barabarani haitwi. Nilikuwa na mahali, Baba Achieng'. Mama alikuja akapaona. Sasa sina. Na kwako kuna nafasi. Mlango wenyewe uko karibu kufunguka."

Mama Achieng', mke wangu, alikuwa na mimba kubwa, imebakia kuhesabu siku.

Nilivyosikia hivyo, ndugu yangu, damu ilinichemka. Nilimvua shuka kwa nguvu, nikamshika bega, na bega lilikuwepo, gumu, la mtu. Nikamfokea kama ninavyofokea mlevi: "Toka! Toka dukani kwangu! Hatuna undugu mimi na wewe! Mtoto wangu ana babu zake, wamepanga foleni kabla yako! Toka na nywele zako!"

Akasimama. Kichwa upande wa kulia kimenyolewa, upande wa kushoto msitu. Akajitazama kwenye kioo, akatabasamu kidogo.

"Hujamaliza," akasema.

Akatoka kwenye mvua. Kompyuta ikazimika. Niliwasha kibiriti nikaangalia sakafuni ili nifagie. Hapakuwa na unywele hata mmoja.

Nilimtoa Ouma kwenye samaki yake kwa kola ya shati. Nilimwambia yote. Unajua alifanya nini? Alicheka mpaka mwiba ukamkwama. "Mzee, mvua imekuingia kichwani." Nikamwambia amrudishe Okelo golini leo, si kesho. Akasema, "Nikimrudisha, wote watasogea tena, kazi yangu yote itavurugika. Ngoja nikipata nafasi." Nikipata nafasi! Mtu anaomba nafasi, na mwingine anasema atampa akipata nafasi! Nilimwambia sitamnyoa tena maishani. Na sijamnyoa.

Jioni ile ile mke wangu akashikwa na uchungu.

Alizaa mvulana, mzima, kilio cha nguvu. Mamangu ndiye aliyempokea kwanza hospitalini. Nilimkuta amemshika juu juu, anamgeuza huku na huku karibu na dirisha. Akaniuliza, "Ni nani amemnyoa huyu mtoto?"

Nikaangalia. Upande wa kushoto nywele nyeusi, nyingi. Upande wa kulia, upara. Na mstari katikati umenyooka, ule mstari wangu, ninaujua kama mtu anavyojua mwandiko wake.

Nesi akasema ni kawaida, watoto wengine huzaliwa hivyo, zitaota. Sawa. Nesi naye amesoma.

Kesho yake tukaenda nyumbani. Mtoto akaendelea kulia. Kwetu, kama hujui, mtoto akilia hivyo wazee wanamwitia majina ya waliokufa katika ukoo, moja baada ya lingine. Yule anayetaka kuitwa akitajwa, mtoto hunyamaza na kunyonya. Mamangu akaketi akaanza. Ogola, babangu. Analia. Onyango, babake Ogola. Analia. Akaita wajomba, akaita mashangazi, akaita mpaka mtu aliyekufa kwenye vita vya wazungu ambaye kaburi lake hatulijui. Mtoto analia, titi anakataa, sauti inakwisha inakuwa kama mlango mkavu.

"Kuna mtu yuko hapa," mamangu akasema, "lakini si wetu." Kisha akanitazama. "Wewe unamjua."

Nikasema simjui. Nilikuwa nimeapa kwamba hilo jina halitatoka mdomoni mwangu. Na si ubishi wa bure! Elewa kitu kimoja. Okelo si jina la kupewa hivi hivi. Kwetu mapacha wakizaliwa, anayetangulia ni Opiyo, anayefuata ni Odongo. Mtoto anayezaliwa baada yao ndiye Okelo. Okelo bila mapacha ni kama darasa la tatu bila la kwanza na la pili. Mke wangu hajawahi kuzaa mapacha. Nikimwita mtoto Okelo, watu watauliza walikwenda wapi. Na watu wa Kondele hawaulizi mbele yako.

Asubuhi nikakimbia dukani. Nikamkuta Ouma, hacheki tena, jasho linamtoka. Nilidhani hakunisikia siku ile, kumbe alisikia.

"Mzee, nimemrudisha," akasema. "Tangu jana namrudisha. Naandika Okelo, nahifadhi. Nikifungua, hayupo. Naandika tena. Hayupo. Hata mimi nimejitoa, mzee. Goli liko wazi."

"Jaribu tena."

Akaandika mbele yangu. O-K-E-L-O, nikisoma herufi kwa herufi. Akafunga, akafungua. Goli wazi.

"Gemu ya zamani je?"

"Huko pia ametoka."

Ndipo nikaelewa, na nikakaa kwenye benchi yangu mwenyewe, mwisho, karibu na mlango. Hakuwa anatafuta mahali tena. Alikuwa ameshahamia.

Nilirudi nyumbani. Mtoto alikuwa hana sauti, anafungua mdomo tu. Mke wangu alikuwa amemkumbatia, macho yamevimba. "Baba Achieng'," akaniambia, "kama kuna neno unalo, kwa nini unamfichia mtoto wangu?"

Basi nikasema. Sikusema kwa upendo, nakuambia ukweli. Nilisema kama mtu anayetema kitu kichungu: "Okelo!"

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, akakamata titi kwa mikono miwili kama vile mtu anadaka.

Mamangu akasimama taratibu. Akauliza lile swali, yeye wa kwanza kabisa duniani kuliuliza: "Okelo? Opiyo na Odongo wako wapi?"

Sasa wewe niambie kama sina haki ya kukasirika. Mke wangu amebeba hilo swali kisimani, kanisani, sokoni. Wengine walisema tulizaa mapacha tukawaficha. Wengine walisema mambo ambayo siyasemi, kwa sababu wajukuu wangu wanasikia. Mama Achieng' aliacha kwenda kwenye kikundi chake cha akina mama kwa ajili ya jina ambalo si la kwetu. Na Ouma? Ouma alihama mji na kompyuta yake, akaoa, akazaa watoto wenye majina ya babu zao, kila mmoja mahali pake. Alinipitia miaka ya nyuma na zawadi ya sukari, akasema anataka kumsalimia Okelo. Nilimwonyesha mlango. Sukari nilibaki nayo, sikatai.

Kijana mwenyewe sina ubaya naye, ni mtoto wangu. Hakuna aliyemfundisha, lakini wakigawana timu yeye huenda golini bila kuambiwa. Nywele zake za kulia hazijawahi kuota sawa na za kushoto. Namnyoa mwenyewe, simwachii kinyozi mwingine. Hizo gemu mpya zinazotoka kila mwaka hachezi. Wenzake wakimvuta anasema, "Huko nilishatoka," halafu anashangaa mwenyewe kwa nini amesema hivyo.

Kwa hivyo wewe fundi, wewe kijana unayechukua watu kutoka kitu cha zamani na kuwatia kwenye kipya, iwe ni gemu, iwe ni timu, iwe ni ukoo, nisikie. Tazama mwisho wa benchi kabla hujasogeza watu. Usiseme huyu ni marehemu, hana kazi. Ukimwangusha nje atatafuta pa kuingia, na hatakuja kwako wewe uliyemwangusha. Ataingia mlango ulio karibu, na mwenye nyumba hiyo ndiye atakayelipa kwa ajili yako.

Juzi Okelo alileta mchumba nyumbani. Msichana mzuri, ana heshima, alipiga magoti kumsalimia mke wangu. Tukampa chai. Akatuangalia, akatabasamu, akauliza kwa adabu kabisa kama ndugu wawili wakubwa wa Okelo, wale mapacha, nao watakuja leo.

Mke wangu aliweka kikombe chini, akaingia ndani.